Shahada Ng'ambo ya Mpaka: Soko la Elimu ya Juu kati ya Nepal na India

Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 Serikali ya Nepal ilitoa zaidi ya hati 110,000 za kutokuwa na pingamizi, yaani kibali cha Wizara ya Elimu kinachomwezesha mwanafunzi kununua fedha za kigeni kwa ajili ya masomo ya nje, na katika mwaka huohuo zaidi ya rupia bilioni 100 za Nepal zilitoka nchini kwa njia hiyo. Takwimu hizo, ambazo wachumi wa Kathmandu huzitaja kila mjadala wa akiba ya fedha za kigeni unapozuka, hueleza vizuri safari za kwenda Japani, Kanada, Australia na Uingereza, lakini hueleza kwa uhaba soko lililo kongwe na nafuu kuliko yote hayo, nalo ni India, ambako raia wa Nepal huingia bila viza na kwa hiyo hapiti katika milango ambako wanafunzi wanaokwenda nchi nyingine huhesabiwa.

Picha iliyo wazi zaidi hupatikana upande wa pili wa mpaka. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Elimu ya India za mwaka 2021/22, vyuo vya nchi hiyo vilikuwa na wanafunzi wa kigeni wapatao 47,000, na kati yao zaidi ya robo walitoka Nepal, idadi iliyoziacha mbali Afghanistan, Marekani na Bangladesh. Kwa maneno mengine, Nepal, nchi yenye watu wapatao milioni 30, ndiyo mteja mkuu wa elimu ya juu ya India.

Uhusiano huo ulianza kwa ulazima kabla ya kuwa biashara. Chuo cha Tri-Chandra, cha kwanza cha elimu ya juu nchini Nepal, kilifunguliwa Kathmandu mwaka 1918 kikiwa chini ya uangalizi wa kitaaluma wa vyuo vikuu vya India, kwanza Calcutta na baadaye Patna, na nchi haikupata chuo kikuu chake chenyewe hadi Tribhuvan kilipoanzishwa mwaka 1959. Ndiyo maana vizazi kadhaa vya viongozi wa Nepal vilisomea ng'ambo ya mpaka: B. P. Koirala, waziri mkuu wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia, alipitia Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras mjini Varanasi, na Baburam Bhattarai, aliyeshika wadhifa huo miongo mitano baadaye, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru mjini New Delhi.

Unafuu wa soko hili hutokana na mambo matatu, na hakuna hata moja lililobuniwa na vyuo vyenyewe. La kwanza ni Mkataba wa Amani na Urafiki wa mwaka 1950, ambao uliwapa raia wa kila nchi haki ya kuishi, kumiliki mali, kufanya biashara na kusafiri katika nchi nyingine, hivyo mwanafunzi wa Nepal hulipa ada bila kulipia viza, na anaweza kutafuta kazi bila kuomba kibali. La pili ni sarafu: tangu mwaka 1993 thamani ya rupia ya Nepal imefungamanishwa na ile ya India kwa kiwango kisichobadilika cha rupia 1.6 za Nepal kwa rupia 1 ya India, na kwa sababu hiyo mzazi anayepiga hesabu ya shahada ya miaka minne hujua tangu mwanzo kwamba mabadiliko ya bei ya dola hayatamwongezea mzigo katikati ya masomo. La tatu ni umbali, kwa kuwa vivuko kama Sunauli, Raxaul na Kakarbhitta hufikika kwa basi, na kutoka hapo reli za India humfikisha msafiri karibu kila jimbo kwa nauli ya chini.

Uzito wa mambo hayo huonekana yanapolinganishwa na masharti ya masoko ya mbali. Australia, mojawapo ya nchi zinazopendwa sana na vijana wa Nepal, ilipandisha ada ya maombi ya viza ya mwanafunzi kutoka dola 710 za nchi hiyo hadi 1,600 mwezi Julai 2024, chini ya miezi miwili baada ya kumtaka mwombaji athibitishe kuwa na dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka. Familia ya kipato cha kati ya Nepal hutimiza sharti hilo kwa kuweka rehani ardhi au kukopa, ilhali ile inayompeleka mtoto Gorakhpur, Dehradun au Bengaluru inaweza kuanza na ada ya muhula wa kwanza pamoja na pango la chumba.

Ndani ya India yenyewe bei hutofautiana sana. Vyuo vikuu vya umma hupata ruzuku ya serikali na ada zake ni ndogo, lakini nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Vyuo binafsi vya Punjab, Karnataka, Odisha na Uttar Pradesh hutoza zaidi, ila hupokea wanafunzi wengi na hujitangaza kwa bidii, hasa katika uhandisi, kompyuta, biashara na uuguzi. Kati ya ngazi hizo mbili upo ufadhili: ubalozi wa India mjini Kathmandu hutoa nafasi kila mwaka, mpango wa serikali ya India wa kuvutia wanafunzi wa kigeni ulioanza mwaka 2018 hutoa punguzo la ada, na Chuo Kikuu cha Asia ya Kusini, kilichofunguliwa New Delhi mwaka 2010 na nchi wanachama wa jumuiya ya ushirikiano ya ukanda huo, SAARC, hutoa shahada zinazotambuliwa na wanachama wote.

Udaktari wa tiba ni soko la pekee. Nchini Nepal ada ya shahada hiyo kwa mwanafunzi anayejilipia, ambayo kikomo chake hupangwa na Tume ya Elimu ya Tiba, inazidi rupia milioni 4, na anayetaka kuisomea nje hulazimika kwanza kufaulu mtihani wa tume hiyohiyo. Baadhi ya wanaofaulu huelekea Bangladesh, ambayo hutenga nafasi katika vyuo vya tiba vya serikali kwa wanafunzi wa nchi za SAARC na ina vyuo binafsi vingi vinavyopokea wageni, lakini machafuko ya Julai 2024 yaliyowarudisha nyumbani wanafunzi wengi wa Nepal yalionesha kwamba siasa za nchi mwenyeji nazo ni sehemu ya gharama.

Uhuru ule wa kuvuka mpaka wa India unaoshusha bei, hata hivyo, ndio unaodhoofisha ulinzi wa mnunuzi. Nchi inayodai viza hulazimika kukagua barua ya udahili, chuo na uwezo wa mwombaji, na ukaguzi huo, pamoja na usumbufu wake, humchuja wakala mdanganyifu, lakini katika mpaka ulio wazi kazi ya kuchuja humwangukia mzazi peke yake. Mawakala wa elimu, ambao ofisi zao zimejaa Putalisadak na mitaa mingine ya Kathmandu, kwa kawaida hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayeandikishwa, hivyo maslahi yao hayalingani daima na ya mteja. Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ya India huchapisha orodha ya vyuo bandia, na baraza liitwalo NAAC, lililoanzishwa mwaka 1994, hutoa ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora wa chuo, lakini taarifa hizo humfaa tu anayezitafuta kabla ya kulipa.

Udhaifu huo ulidhihirika mwezi Februari 2025, pale kifo cha mwanafunzi wa kike kutoka Nepal katika chuo kikuu binafsi mjini Bhubaneswar, India, kilipozua maandamano, na chuo kikawaamuru wanafunzi wa Nepal kuondoka kabla ya kuomba radhi na kuwataka warudi. Serikali ya Nepal ililazimika kutuma maofisa wa ubalozi na kutishia kusitisha hati za kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda huko, jambo lililothibitisha kwamba hati hiyo ni miongoni mwa nyenzo chache za shinikizo ilizo nazo.

Hesabu ya unafuu, kwa hiyo, haikamiliki siku ya kulipa ada, bali siku ambayo shahada inatambuliwa nyumbani. Mhandisi, muuguzi au daktari anayerejea Nepal hana budi kusajiliwa na baraza la taaluma yake, na shahada ya chuo kisichotambuliwa humwachia mhitimu hasara ya ada na ya miaka. Kwa familia yenye kipato cha wastani, India inabaki kuwa chaguo la busara kuliko deni la viza ya mbali, mradi ithibati ya chuo na msimamo wa baraza husika la Nepal vihakikiwe kabla ya malipo ya kwanza. Kwa Serikali ya Nepal, wajibu wa kwanza ni kuwaandikisha wanafunzi wanaovuka mpaka huo, kwa kuwa haiwezekani kuwalinda watu wasiohesabiwa.