Video ya nyumbani ni nzito kutuma? Punguza nakala, ya asili itunze

Hivi karibuni, baada ya kipindi chetu cha jioni, tulipigiwa simu na kijana mmoja, msikilizaji wetu wa wilayani Muheza. Babu yake aliwahi kukaa barazani na kutaja majina ya mababu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, akaeleza na mipaka ya shamba la familia. Kijana alimrekodi kwa simu, dakika 12. Simu ilikuwa imejaa. Akamtumia video hiyo baba yake mdogo anayefanya kazi Muscat, kwa WhatsApp, na alipoona imefika akaifuta kwenye simu yake ili apate nafasi.

Sasa babu amefariki. Baba mdogo anataka picha ya kuweka ukutani, na mzee hakuwa mtu wa kupigwa picha. Walijaribu kuitoa kwenye ile video, lakini ikikuzwa uso unageuka miraba miraba ya rangi. "Sauti ipo," kijana alituambia, "ila macho ya babu hayaonekani."

Video ile haiwezi kurudi ilivyokuwa. Tulichoweza kufanya ni kuandika makala haya, ili mwingine asipoteze kitu kama hicho. Kuipunguza video ili isafiri ni jambo zuri na mara nyingi ni lazima. Kosa lilikuwa kufuta ile ya asili.

Kwa nini video inakuwa nzito

Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, yaani picha 1,800 kwa dakika moja. Kila picha imejengwa kwa nukta ndogo za rangi. Katika kiwango kinachoitwa 1080, ambacho ndicho simu nyingi hukitumia hata kama hukukichagua, picha moja ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Hizo ni zaidi ya milioni 2. Kiwango cha 720 kina nukta zisizofika milioni 1. Kile cha 4K kina zaidi ya milioni 8.

Simu ingeandika kila nukta ya kila picha, ingejaa kabla mzee hajamaliza kusalimia. Kwa hiyo hubana. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika mabadiliko tu. Ukuta uliosimama nyuma ya mzee hauandikwi upya kila mara. Ndiyo maana mtu aliyekaa kitini hubanika vizuri kuliko ngoma ya watu hamsini, na ndiyo maana mkono unaotetemeka huharibu: kwa simu, kila kitu kimesogea.

Hata baada ya kubanwa hivyo, dakika moja ya kiwango cha 1080 huchukua takriban MB 130 katika simu nyingi. Zidisha kwa dakika 12, unapata kama MB 1,560, yaani zaidi ya GB moja na nusu.

Hesabu ya bando na ya muda

Tuseme mtandao wa kijijini kwako unapandisha megabiti 1 kwa sekunde. Kumbuka kwamba MB moja ni megabiti 8. Faili la MB 1,560 litahitaji zaidi ya saa tatu, na mtandao usikatike hata kidogo. Likipunguzwa likawa MB 100, litapanda kwa dakika 13 au 14.

Halafu fikiria upande wa pili. Anayetuma analipa bando, na anayepokea naye analipa. Ukiweka video ya MB 100 kwenye kundi la familia lenye watu 30, na wote wakaishusha, ukoo mzima umetumia GB 3. Video ya dakika 2 yenye maneno muhimu inaweza kuwafaa wengi. Ile ndefu apewe anayeihitaji.

Anza kupunguza kabla ya kurekodi

Kupunguza kuliko rahisi zaidi hufanyika kwenye kamera yenyewe. Fungua kamera, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta ukubwa wa video. Kama ni salamu za kawaida, maendeleo ya ujenzi, au mahindi yalivyostawi, 720 inatosha. Tukio lisilorudi, kama harusi, wosia au mazungumzo na mzee, lirekodi kwa 1080. Achana na 4K kama simu yako haina nafasi kubwa.

Iegemeze simu kwenye kitu kisichoyumba: ukuta, meza, stuli yenye kitabu juu yake. Picha itabanika vizuri, na mkono hautachoka.

Baadhi ya simu mpya zina njia mbili za kubana, H.264 na H.265. Ya pili hutoa faili dogo zaidi, wakati mwingine karibu nusu, kwa ubora unaokaribiana. Tatizo ni kwamba baadhi ya simu za zamani hazifungui H.265. Kama bibi ana simu ya miaka mingi, tumia H.264.

Sauti usiiguse

Hapa tunasema kama watu wa redio. Sauti nzuri ya mazungumzo inahitaji kilobiti 128 kwa sekunde au hata pungufu. Hiyo ni kama MB moja tu kwa dakika. Katika ile video ya MB 1,560, sauti ya babu ilikuwa imechukua sehemu ndogo sana. Kwa hiyo usijaribu kuokoa bando kwa kuibana sauti. Utaokoa kidogo sana na utapoteza maneno. Punguza picha.

Na kama bando ni dogo kabisa, mtumie ndugu yako sauti peke yake kwanza. Atayasikia maneno yote leo, video itafuata.

Sogeza simu karibu na anayezungumza, hatua moja au mbili. Zima redio, hata kama ni yetu. Upepo ukivuma kwenye kipaza sauti, ingieni ndani.

Njia za kupunguza ukishakuwa na video

Kwanza, kata. Karibu kila simu ina sehemu ya kuhariri video pale pale kwenye picha zako. Ondoa mwanzo ambapo watu wanatafuta viti na mwisho ambapo simu inaangalia sakafu. Unapohifadhi, chagua kuhifadhi kama nakala, isije ikafunika ile ya asili.

Pili, WhatsApp yenyewe. Ukituma video kwa njia ya kawaida, programu huibana kabla haijaondoka. Unaweza kuchagua ubora wa juu kwa kugusa alama ya HD kabla ya kutuma, lakini hata hapo huwa imebanwa. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama hati: gusa alama ya kibanio cha karatasi, chagua hati, kisha itafute video yako. Kwa njia hiyo faili la hadi GB 2 linaweza kupita bila kubanwa. Bando lake litakuwa kubwa, basi fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi.

Tatu, kompyuta. Kama kuna steshenari au banda la kuingiza nyimbo karibu nawe, nenda na simu au memori kadi. Mwombe fundi akutengenezee nakala ndogo. Programu iitwayo HandBrake ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Mwambie maneno haya: faili la MP4, H.264, kiwango cha 480, sauti kilobiti 128. Akiweka picha kwenye megabiti 1 kwa sekunde, kila dakika itakuwa kama MB 8 na nusu pamoja na sauti. Dakika zako 12 zitakuwa kama MB 100. Itazame nakala kabla ya kuondoka dukani, na hakikisha ya asili bado ipo kwenye simu au kadi yako.

Programu za kubana video zipo pia za simu. Zichukue kwenye duka rasmi la programu la simu yako, usizichukue kwenye viungo vinavyosambazwa kwenye makundi. Programu ya kubana video haina haja ya kuona namba za watu wako wala ujumbe wako. Ikiomba ruhusa hizo, kataa na uifute.

Usikamue nazi mara tatu

Kila mpishi anajua. Tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi, la tatu ni maji. Hakuna namna ya kulirudisha la tatu liwe la kwanza. Video nayo hivyo hivyo. Iliyobanwa, ikahifadhiwa, ikapandishwa tena mtandao mwingine unaoibana upya, inapungua kila mara. Hakuna programu inayoweza kukurejeshea nukta zilizotupwa.

Kwa mfano, picha yenye nukta 640 kwa 360 ina nukta 230,400 tu. Hiyo ni sehemu moja kati ya tisa ya ile ya 1080. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti kubwa. Ukitaka kuichapa ikae ukutani, utaiona.

Kwa hiyo kila nakala mpya itoke kwenye video ya asili, si kwenye nakala nyingine.

Ya asili ikae wapi

Iweke sehemu mbili. Simu huibiwa, huanguka majini, huzima ghafla. Nakili video kwenye memori kadi au flashi, na ya pili ampe mtu mwingine wa familia anayeaminika. Kama faili moja linazidi GB 4, baadhi ya kadi na flashi zitalikataa hata kama nafasi ipo, kwa sababu ya namna zilivyoandaliwa. Fundi anaweza kuiandaa upya flashi hiyo, lakini kufanya hivyo hufuta kila kilichomo, basi hamisha vitu vyako kwanza. Au ikate video vipande viwili.

Ukiwa na akaunti ya Google, una GB 15 za bure, ambazo barua pepe, picha na mafaili yako hugawana. Ukipandisha video kule, unaweza kumpa ndugu yako kiungo akaifungua mwenyewe. Angalia umeweka ruhusa gani: kiungo kilicho wazi kwa yeyote aliye nacho kitafunguliwa na yeyote atakayetumiwa. Na jihadhari, ukifuta video ndani ya programu ya Google Photos ikiwa imeunganishwa na akaunti yako, inafutika kwenye simu na kule juu pia.

Kama hakuna mtandao wa maana, tumia miguu ya watu. Binamu anayekwenda mjini anaweza kubeba memori kadi mfukoni, akafika penye Wi-Fi na kumtumia ndugu wa Muscat au Toronto faili zima, lisilobanwa, bila bando lako kuguswa. Wewe baki na nakala nyumbani. Usimpe iliyo peke yake.

Kabla ya kufuta

Simu ikikuambia imejaa, anza na vitu vinavyoweza kupatikana tena: vichekesho ulivyotumiwa, nyimbo, picha zilizojirudia. Kwa video ya mtu wako, fanya kwanza mambo mawili. Ifungue ile uliyoiweka kwenye kadi au flashi, uitazame mpaka mwisho. Kisha mpigie yule uliyempa ya pili, umwulize kama kwake inafunguka.

Yule kijana wa Muheza bado ana bibi, na kumbukumbu zake bado ni kali. Tulipozungumza naye mara ya mwisho, alikuwa ameshanunua memori kadi mbili.