Fomu Ikirudi, Seva Hujuaje?

Umekaa mbele ya kompyuta unanunua tiketi ya basi. Umejaza jina, umechagua Mwanza, umebonyeza "Lipa". Ukurasa umeganda. Je, ubonyeze tena? Wengi hubonyeza, na hapo ndipo linapozaliwa swali langu la wiki hii: seva, yaani ile kompyuta iliyoko upande wa pili, itajuaje kwamba ni mara ya pili?

Kwa asili yake mawasiliano ya tovuti hayana kumbukumbu. Kila ombi hubisha hodi kama mgeni. Dalili ya kwanza ni neno moja mwanzoni mwa ombi. Ukitaka kuona ukurasa tu, kivinjari huandika GET. Ukipeleka malipo, huandika POST. Mifumo mingi ya kuundia tovuti, Django ikiwamo, huanzia hapo: ikija GET, toa fomu tupu, ikija POST, soma yaliyojazwa.

Katika ASP.NET ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2002, ukurasa ulijipelekea fomu wenyewe, na matayarisho yake yalirudiwa kila mara. Ilimpasa fundi aulize kwanza: IsPostBack? Yaani, fomu hii imerudi, au mtu ndiyo kwanza anafungua ukurasa? Akisahau kuuliza, orodha ya miji hujazwa upya na Mwanza yako hugeuka Arusha, kwa kuwa Arusha ndiyo ya kwanza katika orodha. Kosa ni la fundi, lawama humwangukia mteja, eti hajui kompyuta!

Lakini kujua kwamba fomu imeletwa si kujua kwamba imeletwa mara ya pili. POST mbili hufanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo seva makini ikishapokea fedha haitoi risiti palepale. Hukiagiza kivinjari, kwa namba 303, kikaichukue kwenye ukurasa mwingine kwa GET. Ukiufungua upya ukurasa huo utaona risiti, hutalipa tena.

Hiyo haimzuii mwenye kidole chepesi anayebonyeza mara mbili kabla jibu halijafika. Kwa huyo hufichwa ndani ya fomu namba ya kutumika mara moja tu. Seva huiandika, na namba ileile ikirudi, hutoa risiti ya kwanza bila kukata fedha. Wapo wenye tovuti wasiojisumbua hivyo. Hutuandikia tu kwa wino mwekundu, "Usibonyeze mara mbili", kana kwamba ulinzi ni kazi ya mnunuzi. Ukikutana na hao na ukurasa ukaganda, tazama kwanza kama ujumbe wa malipo umeingia kwenye simu yako.