Kasenga: mto, samaki, na watu wasiohesabiwa

Mama, samaki ulionunua leo ku soko ya Lubumbashi ao Likasi, unajua ametoka wapi? Pengine ametoka Kasenga. Sisi watu wa migodi tunakula samaki ya Kasenga, tunapika na makala ya kule, lakini wengi wetu hatujui inchi ile. Mwezi huu tuiangalie.

Iko wapi?

Kasenga ni moja ya teritware sita za jimbo la Haut-Katanga, pamoja na Kambove, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Toka Lubumbashi mpaka Kasenga ni karibu kilomita 200, upande wa kaskazini-mashariki, pembeni ya mto Luapula. Ng'ambo ni Zambia.

Luapula inatoka ku maji ya Bangweulu, inazunguka inchi ya Sakania, inapita Kasenga, kisha inaingia katika ziwa Moero. Pa Pweto inatoka na jina lingine, Luvua, inaenda kukutana na Lualaba pa Ankoro. Basi maji ya Kasenga ni maji ya mto Kongo.

Upande wa magharibi kunasimama milima ya Kundelungu, ambayo sehemu yake ni parke ya taifa tangu 1970. Kule maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300. Chini, katika bonde, kuna joto, na watu wanalima mihogo na mahindi.

Ni watu gani?

Bashila ni wavuvi wa tangu zamani. Katika miaka ya 1700 Balunda wa Mwata Kazembe walikuja toka magharibi, wakawatawala. Wako pia Baushi. Mwaka 1894 Waingereza na mfalme Léopold walipatana mpaka upite Luapula. Lakini Chibemba inasemwa ngambo zote mbili, na mtu anavuka na mtumbwi kwenda kulia kilio cha mjomba wake.

Wako wangapi?

Serikali ilihesabu watu wa inchi yote mara ya mwisho katika 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, leo anaweza kuwa nkambo. Katikati, katika 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliacha kazi ya Gécamines, na wengine walirudi mugini kulima na kuvua. Tangu 1984 tuko na hesabu za ofisi na za kukisia tu.

Utasema: hesabu ni ya nini? Ni ya dawa, ni ya shule, ni ya barabara. Na tena ni ya samaki, juu ya mto ni ule ule, lakini vinywa vinaongezeka.

Tusisahau pumbu

Zamani samaki mkubwa wa Luapula alikuwa pumbu. Kila mwaka, mvua ikianza, alipanda mto kwa kutaga mayai. Migodi ilipokua, wafanyabiashara Wagiriki pa Kasenga walileta mashua na barafu kwa kulisha wafanyakazi. Nyavu zilimngojea pumbu njiani, tumbo lake likiwa bado na mayai. Kufika mwisho wa miaka ya 1940, alikuwa karibu amekwisha. Leo sufuria nyingi ziko na chisense, samaki kidogo-kidogo wa kukausha. Nao wakikwisha, tutakula nini na bukari?

Upande wa Zambia, kuvua kunafungwa toka 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Lakini samaki hana pasporo. Akilindwa ngambo moja na kuvuliwa ngambo ya pili, kazi ni bure.

Wavuvi peke yao hawatamaliza shida hii. Nyavu za pumbu zilitupwa juu ya sisi wa muji tulitaka kula. Basi mama, ku soko, ukiona fungu la samaki watoto, liache. Baba, ukienda kutembelea jamaa ku Luapula, usiwapelekee wavu wa matundu madogo. Anayekula mbegu, mwaka kesho atapanda nini?