Je, Wajua? Kiapo cha Nywele

Je, wajua kwamba utenzi mashuhuri wa Kitamil kuhusu ugomvi wa mabinamu ulitungwa na mshairi aliyekuwa mkimbizi? Ni Panchali Sapatham, yaani Kiapo cha Panchali, wa Subramania Bharati. Mwaka 1908 aliwakimbia Waingereza akajificha Pondicherry, mji uliotawaliwa na Wafaransa. Sehemu ya kwanza ilichapishwa 1912.

Kisa amekitoa katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Yudhishthira anacheza dadu na binamu zake Wakaurava. Anapoteza ufalme, ndugu zake wanne, nafsi yake, kisha mkewe Draupadi, ambaye ndiye Panchali. Dushasana, mmoja wa Wakaurava, anamburuta kwa nywele mpaka barazani. Hapo Panchali anawauliza wazee: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe ana haki gani ya kuniweka mimi dau? Wazee kimya. Kwangu mimi, moyo wa utenzi uko katika swali hilo. Sari yake inavutwa, inavutwa, nayo haiishi. Ndipo anapoapa kutozifunga nywele zake mpaka azipake damu ya Dushasana na ya kaka yake Duryodhana.

Wasomaji wengi humwona Panchali kuwa ndiye India iliyotawaliwa. Bharati alifariki 1921, miaka 26 kabla ya uhuru.