Kabla ya Kupakua Pochi ya Sarafu za Kidijitali

Mtu akikosea namba anapotuma fedha kwa simu, bado ana pa kukimbilia: humpigia mtoa huduma na kuomba muamala uzuiwe. Pochi ya sarafu za kidijitali ambayo mtumiaji mwenyewe ndiye mshika funguo haina dirisha la namna hiyo. Muamala ukishathibitishwa katika mtandao wa Bitcoin haurudi, wala sisi hatuna uwezo wa kuurudisha. Ndiyo maana tunasisitiza uangalifu tangu hatua ya kupakua programu.

Wengi hudhani kwamba duka rasmi la programu linatosha. Halitoshi. Mwaka 2021 gazeti la The Washington Post la Marekani liliripoti habari za mtumiaji wa iPhone aliyepakua kutoka App Store programu iliyojiita Trezor, akaandika humo maneno yake ya siri, akapoteza bitcoin 17.1, zenye thamani ya takriban dola 600,000 wakati ule. Trezor ni chapa halisi ya vifaa vya kuhifadhia funguo, lakini wakati huo haikuwa na programu yoyote ya iPhone. Dakika mbili katika tovuti ya watengenezaji zingetosha kulibaini hilo.

Kwa hiyo tunashauri uanzie kwenye tovuti hiyo, si kwenye kisanduku cha kutafutia cha duka. Andika anwani kwa mkono wako, kwani tangazo linalotangulia katika matokeo ya utafutaji laweza kuwa limelipiwa na tapeli. Kisha ufuate kiungo kinachokupeleka dukani. Faili la programu lililotumwa kwa WhatsApp au Telegram, hata na ndugu, lisifunguliwe.

Ukiunda pochi mpya, mara nyingi utaonyeshwa maneno 12 au 24. Hayo ndiyo funguo zenyewe: ayajuaye huifungua pochi kwa simu nyingine popote duniani, bila kuhitaji nywila yako. Yaandike kwenye karatasi kwa mfuatano uleule. Usiyapige picha, maana picha za simu mara nyingi hunakiliwa zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Maneno uliyopewa na mtu mwingine yakatae. Pochi hiyo ni yake. Na mhudumu yeyote anayeyauliza, hata kwa lugha ya upole, ni tapeli.

Kabla ya kuweka fedha, nakili anwani ya kupokelea, futa programu, uipakue upya na uirejeshe pochi kwa kutumia karatasi yako. Anwani isipokuwa ileile, kosa la uandishi litabainika hapo, pochi ingali tupu.