Je, Wajua? Katika Karate, Kumzimisha Mpinzani Kunaweza Kukukosesha Dhahabu

Je, wajua kwamba mtu alishinda dhahabu ya Olimpiki akiwa hajitambui? Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, ilichezwa fainali ya karate ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa mbele ya Sajad Ganjzadeh wa Iran kwa pointi 4 kwa 1. Teke lake la juu likampata Ganjzadeh, naye akazirai na kutolewa kwa machela. Waamuzi walishauriana, kisha wakamtoa Hamedi kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi. Akaambulia fedha.

Je, wajua kwamba pigo linaloumiza si pigo la pointi? Katika kumite, yaani pambano la karate la watu wawili, ngumi ina pointi 1, teke la kiwiliwili 2, na teke la kichwani 3. Ili lihesabiwe, shambulizi lifike kwa kasi, kwa umbo sahihi, na lidhibitiwe. Anayewahi kumzidi mwenzake kwa pointi 8 hushinda papo hapo.

Je, wajua kwamba koo halipigwi kabisa? Ni marufuku pia kumshambulia mtu usoni kwa kiganja kilicho wazi, kwa sababu vidole vinaweza kumpofusha. Kucha lazima ziwe fupi, na miwani haivaliwi.

Je, wajua kwamba aliyeangushwa ana sekunde 10 tu za kusimama? Zikiisha bado yuko chini, haruhusiwi tena kupigana kumite katika mashindano hayo, hata akidai yuko salama. Kichwa kilichotikiswa hakipaswi kutikiswa tena siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba kujihatarisha ni kosa? Mchezaji anayeingia bila kujikinga, au anayempa mpinzani mgongo, huadhibiwa. Huadhibiwa vilevile anayejiangusha na kugaagaa ilhali hakuumia.

Je, wajua kwamba Gichin Funakoshi, mwalimu kutoka Okinawa aliyeieneza karate nchini Japani, hakupenda mapambano ya ushindani? Alifariki Aprili 1957. Mwaka huohuo, Chama cha Karate cha Japani kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Bingwa wa kumite, Hirokazu Kanazawa, alipigana akiwa amevunjika mkono. Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1970, jijini Tokyo.

Je, wajua kwamba kwa watoto walio chini ya miaka 14, hata mguso mwepesi wa kichwani huadhibiwa? Mzazi anayetafuta klabu na aanzie hapo: atazame watoto wakifanya mazoezi, aone kama mwalimu anawafundisha kuizuia ngumi kabla haijafika usoni. Mwalimu anayesifia damu hafai kukabidhiwa mtoto, hata kabati lake likijaa vikombe.