CHALII WA ARUSHA, MBONA HUCHEKI?

NILIKUWA na miaka ishirini na mbili, shati la kuazima, viatu vya kaka vinanibana vidole, nimeketi mbele ya bwana mmoja mwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Kampuni gani sisemi, maana mimi sitaki kesi. Maswali yote nikayajibu. Kiingereza nikakimwaga, wanyama nikawataja mpaka wale wanaotoka usiku tu. Yule bwana akafurahi kweli kweli, halafu akaniambia, "Hebu cheka kidogo nikuone."

Nikacheka. Akafunga faili. "Haya kijana, tutakuita."

Wajameni, ile simu ningeingojea pale mlangoni ningeota mizizi! Mshikaji wangu mmoja, fundi gereji wa pale pale, ndiye aliyenipasha. "Siyo Kiingereza, chalii wangu. Ni meno. Mzee anasema mgeni akipokelewa na meno ya kahawia atadhani nchi nzima haina mswaki."

Kwa msomaji wa mbali asiyetujua, ngoja nimweleze. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru, wengi wetu tuna meno yenye rangi. Wengine madoa meupe kama chaki, wengine michirizi ya njano, na wengine, nikiwemo mimi mtumishi wenu, kahawia kabisa kama mtu aliyeanza ugoro tumboni mwa mama yake. Ukitua Dar, jina hujataja, kimwana anakuuliza, "Wewe wa Arusha, eh?" Basi unajifunza kucheka umefunga mdomo. Unajifunza kuweka kiganja. Picha za harusi za ukoo wetu ukizitazama utadhani ni za msiba, watu wote wamebana midomo.

Lakini leo siandiki kulilia ile kazi. Ilishapita hiyo. Naandika kwa sababu ya mpwa wangu.

Uji wa bibi

Mama na dada yangu wanakaa Maji ya Chai, ukishapita Usa River kama unaelekea Moshi. Jina hilo halikutoka mgahawani, lilitoka mtoni, kwenye maji yenye rangi ya chai ya rangi. Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Mpwa wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, meno yake machache anamwonyesha kila mtu bila hata kuombwa. Mama alikuwa anamkorogea uji.

"Shikamoo mama. Haya maji ya uji ya wapi?"

"Marahaba baba. Ya hapa hapa, kwani ya wapi tena? Usiwe na wasiwasi, nimeyachemsha mpaka sufuria imebaki nusu."

Niliishiwa nguvu. Tatizo la maji ya kwetu linaitwa floraidi, na floraidi siyo mdudu useme atakufa kwa moto. Ni madini. Unapochemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo kadiri unavyochemsha ndivyo unavyoikoleza. Ile dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu, floraidi inaipita salama salimini. Mama alikuwa anafanya kila alichofundishwa, kwa upendo wote, na ni upendo huo huo ulionipaka mimi rangi.

Chanzo chake ni mlima wenyewe. Meru, pamoja na uzuri wake wote na urefu wake wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano. Maji yanapopita kwenye miamba na majivu yake yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto wa Maji ya Chai umepimwa na watafiti mara nyingi, na umekutwa na mara kadhaa ya hicho kiwango. Maziwa ya Momella, kule ndani ya Hifadhi ya Arusha ambako flamingo wanajidai, yamekutwa na mamia ya miligramu. Nchi yetu nayo, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo, iliwahi kukubali hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Siyo kwamba wataalamu hawakujua. Walipima kati ya kiu na meno, wakachagua kiu ikatwe.

Na hapa vijana wenzangu mnisikilize vizuri, kwa sababu najua mnachofanya bafuni. Jino la ukubwani halianzi kutengenezwa siku linapoota. Linajengwa ndani ya ufizi tangu mtu akiwa mtoto mchanga mpaka afikishe kama miaka minane, na kwa yale ya mbele, ya kuchekea, miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Floraidi ikizidi kipindi hicho, jino linatoka na doa lake tayari. Ukishakuwa mkubwa, maji hayaongezi rangi na mswaki hauitoi. Kwa hiyo acheni kusugua kwa mchanga, acheni ndimu, acheni majivu, mnakwangua jino lenyewe. Daktari wa meno anaweza kulifunika, ukiwa na pesa. Zaidi ya hapo ni kuzoea.

Nisiseme ni urembo tu. Floraidi nyingi mno, kwa miaka mingi, inaingia mpaka kwenye mifupa. Wapo watoto wa pande za Meru waliopinda miguu, wapo wazee wasioweza kuinama. Na magadi yetu ya kulainishia makande nayo yana floraidi yake, ambayo inaingia sufuriani juu ya ile ya maji.

Nakwenda kwa wakubwa

Nikasema basi, ngoja niende kwenye kikao cha Baraza la Madiwani. Halmashauri gani tena sisemi. Watu wengi hawajui kwamba baraza linakaa kila baada ya miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia, akakaa nyuma, akasikiliza. Kusema hapana. Siku ya kwanza madiwani wanasoma taarifa za kata zao, moja moja: madarasa, zahanati, masoko, vifusi, taka, daraja lililobebwa na mvua. Siku ya pili zinakuja taarifa za kamati, ile ya fedha, ile ya mipango miji na mazingira, na nyinginezo.

Nilikaa siku zote mbili. Zamani kulikuwa na matatizo, siku hizi kuna changamoto, nilianza kuzihesabu nikaacha zilipopita arobaini. Kila mradi una asilimia zake. Huu umefikia asilimia kadhaa, ule mkandarasi yupo eneo la kazi, mwingine unasubiri fedha. Maji yalipofika, ikasomwa mabomba yaliyolazwa na vituo vilivyojengwa. Meno? Hata mmoja hakuyataja. Mwenyekiti akatupa utani fulani kuhusu chakula cha mchana, ukumbi ukacheka, nikawatazama waheshimiwa. Wengi walikuwa wamefunika midomo kwa kiganja.

Hapo sikujua nicheke au nilie.

Tuwatendee haki lakini. Diwani wa huku anatukanwa kwa mambo yasiyo yake. Serikali ilizifuta halmashauri za miji mwaka 1972, huduma za mijini zikadorora, 1978 ikazirudisha, na 1982 zikatungiwa sheria zinazotumika mpaka leo. Lakini tangu hapo mambo yamekuwa yakitoka mikononi mwao moja baada ya jingine. Maji ya Jiji yana mamlaka yake, AUWSA, tangu 1998. Barabara za mitaa zilikwenda TARURA mwaka 2017. Maji ya vijijini yakaenda RUWASA mwaka 2019. Diwani akiulizwa mtaani kuhusu bomba, anachoweza ni kusimama barazani na kumuuliza mtaalamu, na mtaalamu anajibu hoja imepokelewa. Ongeza kwamba chini ya mlima mmoja tuna halmashauri tatu. Lipo Jiji lenyewe, ipo Halmashauri ya Wilaya ya Arusha iliyolizunguka kama kachumbari kwenye sahani ya nyama choma, na mashariki ipo ya Meru. Floraidi haina habari na mipaka hiyo.

Bilioni 520

Kazi imefanyika, nani atabisha? Jiji lilikuwa na watu 416,442 kwenye sensa ya 2012, ile ya 2022 ikakuta 617,631. Watu laki mbili zaidi ndani ya miaka kumi, wote wanataka kuoga. Ndipo ukaja ule mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao Rais Magufuli aliuwekea jiwe la msingi mwaka 2018. Lengo lilikuwa kutoa uzalishaji kwenye lita milioni 40 kwa siku mpaka milioni 200, na visima vingine vikachimbwa mbali na mlima wetu, mpaka Hai mkoani Kilimanjaro, kutafuta maji yenye floraidi ndogo. Yakichanganywa na ya kwetu, kiwango kinashuka.

Wataalamu nao hawakulala. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichohangaika miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unanyonya floraidi. Unafanya kazi, ila wapo wasiotaka kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya mnyama asiyejulikana alichinjwaje. Na chalii wetu mmoja, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, alitengeneza chujio la maji lililompa ushindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Uingereza, mwaka 2015.

Sasa mimi nauliza kitu kimoja. Huu mradi unakaguliwaje? Kwa kofia ngumu na kukata utepe? Mabomba yanahesabika, sawa. Lakini mtoto anaota meno ya mbele ya ukubwani akiwa na miaka sita, saba, minane. Maana yake aliyezaliwa Sombetini mwaka 2020 yumo shule ya msingi sasa hivi, na anatembea na majibu mdomoni. Mwambie darasa zima, "Semeni aaa," hesabu madoa, andika. Rudia mwaka unaofuata. Haihitaji mkandarasi wala mzabuni, inahitaji mganga wa meno mmoja na karatasi. Na shule ya msingi ni ya nani? Ya halmashauri! Zahanati ambako mama anapeleka mtoto kliniki kupimwa uzito ni ya nani? Ya halmashauri hiyo hiyo. Dada yangu amekwenda kliniki kila mwezi tangu mtoto azaliwe, kadi imejaa. Ameulizwa chanjo, ameulizwa chandarua, ameulizwa maziwa. "Maji ya uji unachota wapi?" hajaulizwa hata siku moja.

Hilo halihitaji bilioni 520. Nililiandika kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, nikampelekea diwani mmoja nje ya ukumbi wakati wa chai. Akasoma mpaka mwisho, hilo namsifu. Akaniangalia mdomoni, mimi nikamwangalia mdomoni.

"Wewe wa wapi?"

"Maji ya Chai, mheshimiwa."

"Mimi Ngarenanyuki," akasema. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu. Nitakuwepo pale nyuma.

Ila ufizi wa mpwa wangu hausubiri miezi mitatu, kwa hiyo nyumbani tumeanza na tunachoweza. Tumefunga mfereji wa bati, mvua inaingia kwenye pipa lenye mfuniko, maana maji ya mvua hayajakutana na mlima. Kiangazi nanunua dumu la maji ya dukani, la lita 18, nikisoma kwanza lebo, kwani wengi wanaandika kiasi cha floraidi. Hayo ni ya mtoto peke yake, kwa uji na kunywa. Siyo rahisi, ile ni pesa ya soda zangu na zaidi. Mama mwanzoni alikasirika.

"Ina maana mimi nilikulisha sumu?"

"Hapana mama. Ulinilisha uji."

Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza dumu moja linamaliza siku ngapi.

Basi kila Jumamosi utaniona stendi na madumu yangu mawili. Jumamosi iliyopita konda alinikatia nauli ya watu watatu, eti madumu yamekaa kwenye siti. Nikambishia, akabisha, gari zima likaingilia kati. Mwishowe akaniuliza maji yote haya ni ya nini, nikamweleza. Akacheka, nikaona meno yake.

Akarudisha nauli ya dumu moja.